Jinsi ya kutoa maoni ya muvi uliyoicheki mpaka mwenzio ajue aitafute au aachane nayo: mwongozo kamili

Kila Jumapili jioni hapa Mwanza kuna swali linazunguka kijiweni kwetu Kirumba na kwenye grupu letu la wasap, nani kacheki nini wiki hii. Na kila Jumapili majibu ni yale yale. Mmoja atasema "kuna moja kali hatari", ukimuuliza jina hakumbuki, ukimuuliza ukali wake uko wapi anasema we icheki tu utaona. Mwingine anaanza kusimulia toka mwanzo, dakika kumi anaongea, anamaliza na nani kafa. Wa tatu anasema mbovu, basi.

Nimeelekeza watu mmoja mmoja mara nyingi mno, na wiki inayofuata wanarudi pale pale, sasa nimeona niweke yote sehemu moja kwa mpangilio. Ukifuata hizi hatua mwenzio ataweza kuamua kama atumie bando lake na jioni yake kwenye hiyo muvi au la, na hiyo ndo kazi ya maoni.

Vitu unavyotakiwa kuwa navyo

Muvi uliyoiangalia mpaka mwisho. Sio trela, sio vipande vya mtandaoni, sio "nilisinzia kidogo katikati". Kama ulisinzia rudia kile kipande.

Jina kamili na mwaka wa kutoka. Hili watu wanalidharau ila ndo linaumiza wengi, maana ukienda kujaziwa muvi kwenye flashi unakuta faili limeandikwa "aksheni mpya 14", unaangalia, unaipenda, alafu huwezi kumwelekeza mtu. Muvi zenye jina moja ni nyingi, bila mwaka mtu atashusha nyingine kabisa na bando limeenda. Jina huwa linatokea mwanzoni au mwishoni kabisa, lisome uliandike.

Simu au kijidaftari cha kuandikia, na dakika 20 siku ile ile uliyoangalia.

Na mtu mmoja kichwani unayemwambia. Sio "watu". Mtu, mfano shemeji yako anayependa vichekesho, au jamaa yako wa Igoma ambaye muvi ikipita saa mbili anasinzia. Utaona kwenye hatua ya saba kwa nini.

Hatua ya 1: Sema umeicheki vipi

Kabla hujasema nzuri au mbaya, sema ulichokiona ni nini hasa. Uliiona kwenye ukumbi wa sinema, kwenye kibanda umiza, kwenye simu, au ni kopi ya kuibia imerekodiwa ukumbini na vichwa vya watu vinapita mbele? Na ilikuwa kwa lugha yake au imetafsiriwa?

Hapa kwenye kutafsiriwa nataka tukae kidogo maana ndo chanzo cha ubishi mwingi sana hapa kwetu. Muvi iliyotafsiriwa na DJ ni muvi nyingine. DJ anaongea juu ya sauti za waigizaji na juu ya muziki, anambatiza steringi jina jipya, anaweka utani wake, anataja mitaa ya huku, pale ambapo mwigizaji kanyamaza makusudi ili tukio likuingie yeye anajaza maneno. Mimi sisemi ni vibaya, watu wengi tumezipenda muvi kupitia hizo sauti, na kuna mama zetu bila kutafsiriwa wasingekaa chini waangalie. Ila huwezi kuniambia "maongezi yake yamechangamka" wakati maongezi uliyosikia ni ya DJ. Wala huwezi kusema muziki wa muvi umepwaya wakati hujausikia.

Kwa hiyo kama uliona ya kutafsiriwa sema hivyo, alafu toa maoni kwenye vitu ulivyoviona kwa macho: nyuso, mapigano, mahali walipopigia picha, mtiririko wa stori. Kwenye maneno na sauti kaa kimya, au msifie DJ mwenyewe, kazi yake.

Onyo lingine hapa ni la kopi mbovu. Ukisema "muvi giza sana haionekani" alafu kumbe ni kopi yako, umeiua muvi ya watu bure.

Umefanikiwa hatua hii kama msikilizaji hakuulizi tena "uliiona wapi".

Hatua ya 2: Andika vitu vitatu kabla hujaongea na mtu yeyote

Muvi ikiisha usikimbilie kusoma wengine wanasemaje. Kaa, chukua simu, andika vitu vitatu ulivyovibeba, vyovyote, hata kama havina mpangilio: sura ya mtu fulani, mlango uliobamizwa, wimbo, sehemu uliyotazama saa ukaona muda hauendi.

Sababu ni kwamba ukishasikia maoni ya mtu mwenye sauti kubwa yako yanafutika. Nimeliona hili kwa macho yangu, tulitoka kuangalia muvi watu sita, dada mmoja alikuwa analia wakati wa mwisho mwisho kabisa, tulipofika nje jamaa mmoja akaanza kuiponda kwa sauti kubwa, na yule dada akaitikia "eti eeh, ilikuwa ya kawaida tu". Machozi yalikuwa hayajakauka.

Andika vitatu tu, ukiandika kumi umeanza kusimulia muvi.

Hatua ya 3: Chagua sini moja, isogelee

Hii ndo hatua kuu na ndo watu wanafeli sana, kwa hiyo ntaieleza kwa mfano.

Kwenye vile vitu vitatu chagua kimoja. Alafu kieleze kama vile unamwonyesha mtu kwa kidole: nani yuko pale, anafanya nini kwa mikono yake, kitu gani kinabadilika. Sentensi tatu au nne zinatosha. Sababu ni hii, neno "kali" kila mtu anatafsiri kivyake, kwako kali ni mapigano, kwangu kali ni mtu kulia, lakini sini moja ukinionyesha vizuri ntajua mwenyewe kama ni aina yangu.

Tuchukue Queen of Katwe, ya mwaka 2016, kaiongoza Mira Nair. Nimeichagua sababu ni stori ya jirani zetu hapo Kampala, ziwa ni hili hili, na kila nikiuliza watu wanasemaje juu yake naambiwa "inatia moyo". Inatia moyo ndo nini? Hata mahubiri yanatia moyo.

Sasa angalia. Binti anaitwa Phiona, anauza mahindi mtaani Katwe, anafika sehemu watoto wanafundishwa mchezo wa chesi na kocha Robert Katende. Anayekuja kumfundisha sio kocha, ni kitoto cha kike kidogo kuliko yeye, kinaitwa Gloria. Kile kitoto kinamwonyesha kete ndogo kuliko zote, kinamwambia hii ikivuka mpaka upande wa pili inageuka malkia, yani kwenye huu mchezo mdogo anaweza kuwa mkubwa. Kinaongea kama mwalimu kabisa, hakicheki, na uso wa Phiona unabadilika taratibu.

Hapo sijasema inatia moyo, ila msikilizaji kashajua ni muvi ya namna gani, mwendo wake ukoje, na stori inaelekea wapi. Mpenda mabomu ameshajitoa mwenyewe, na mwenye binti wa miaka kumi nyumbani ameshaandika jina.

Usichague sini ya mwisho. Na usichague iliyopo kwenye trela, hiyo kila mtu keshaiona.

Kama unapata shida kuchagua jiulize hivi: nikiwa kwenye daladala asubuhi natoka Buzuruga naenda mjini, sini ipi inanirudia kichwani bila kuiita? Chukua hiyo hiyo.

Hatua ya 4: Chora mstari, usimwage mchele

Sheria yangu ni rahisi: robo ya kwanza ya muvi ni halali kusimulia, iliyobaki ni ya mwangaliaji. Muvi ya dakika 120 una dakika 30 za kwanza, humo utapata nani ni nani, wako wapi, shida yao nini. Inatosha kabisa.

Nasema hili kwa uchungu. Mdogo wangu wa kike alikuwa anafuatilia sizoni moja, anajibana bando mwezi mzima, kabakiza episodi mbili. Jirani kapita kachungulia, kasema "aah huyu si ndo anakuja kuuawa na kaka yake". Mdogo wangu akafunga simu na mpaka leo hajamalizia. Jirani hakuwa na nia mbaya hata kidogo, alidhani anachangamsha.

Alafu kuna umwagaji wa mchele ambao watu hawajui kama ni umwagaji. Ule wa kusema "mwisho wake hutaamini" au "kuna kitu kitakushangaza". Ukishamwambia mtu hivyo, muvi nzima atakaa anawinda hicho kitu, kila anayeingia anamshuku, na kikija hakimshtui tena. Hata kusema "usimwamini yule mzee" umeshaharibu. Kama muvi ina mshangao we nyamaza kabisa, sema tu "iangalie mpaka mwisho usiikatishe".

Muvi za habari za kweli watu wanasema hazina cha kuficha maana matokeo yanajulikana. Sikubaliani. Kinachojulikana kwako sio lazima mwenzio anakijua.

Hatua ya 5: Tenganisha "sijaipenda" na "mbovu"

Haya ni mambo mawili tofauti na kuyachanganya ndo kunaleta ugomvi. "Sijaipenda" inakuhusu wewe, hakuna wa kukubishia. "Mbovu" unamtuhumu mtu kafanya kazi vibaya, hapo uonyeshe wapi.

Ukitaka kuonyesha wapi, chagua sehemu moja ya kazi, usirukie zote. Stori, aktingi, picha, taa, sauti, ukataji wa sini. Kwa Bongo Movie mi nashauri anza na sauti, kwa sababu ndo inaangusha muvi nyingi na watu hawaisemi, wanaishia "haina mvuto" bila kujua kilichowachosha ni masikio.

Niliwahi kuwasindikiza vijana wawili kushuti kifilamu chao kifupi pembeni ya ziwa, Capri Point. Mawe yale, maji nyuma, picha imetulia nzuri ajabu. Ilivyofika mchana upepo wa ziwani ukaanza, wao wanaendelea kushuti maana kwenye kioo kila kitu kiko sawa. Jioni kusikiliza, hakuna neno hata moja, ni vuuuu mwanzo mwisho, maana maiki ilikuwa ya simu na haijavishwa kitu chochote. Wakaja kurudia maneno yote wamejifungia ndani ya gari vioo juu, mmoja ameshika simu mwenzie anaigiza kulia kwenye siti ya nyuma. Siku ile nilielewa kwa nini kwenye muvi nyingine mtu yuko ufukweni nywele zinapeperuka ila sauti yake kama yuko chumbani. Tangu hapo nikisikia hivyo nasema "sauti ya ile sini ya ufukweni imerekodiwa ndani, haiendani na picha", na mtengenezaji akisikia anajua cha kurekebisha. Ukimwambia "mbovu" hana cha kufanya nalo zaidi ya kununa.

Kipimo cha hatua hii: mtu aliyeipenda muvi unayoiponda akisikia maneno yako aseme "hapo kwenye sauti kweli, ila mi niliipenda". Akija na matusi, rudi uangalie kama ulionyesha wapi au ulitupa neno tu.

Hatua ya 6: Muvi ikiwa inatuhusu sisi, uliza maswali mawili

Hii ni ya watu wa Mwanza hasa. Kuna filamu ya habari za kweli, Darwin's Nightmare ya mwaka 2004, kaitengeneza Hubert Sauper, huku wengi waliijua kama filamu ya mapanki. Imepigwa picha hapa hapa Mwanza. Inaunganisha minofu ya sangara inayopanda ndege kwenda Ulaya na maisha ya watu wanaobaki na mapanki, yani kichwa na mifupa. Ilifika mpaka kushindania Oscar upande wa filamu za namna hiyo, na huku nyumbani ilileta kelele kubwa, mwaka 2006 Rais Kikwete aliikosoa hadharani.

Ukiileta hii filamu mbele ya watu wa huku, ndani ya dakika mbili hamna anayeongelea filamu tena, ni huyu "wewe unatusema vibaya", yule "hapana mimi nasema ukweli". Kinachokosekana ni kutenganisha maswali. La kwanza: imetengenezwaje? Picha zake, watu aliowachagua, alivyozipanga. La pili: imetutendea haki? Ameonyesha nini na ameacha nini, maana Mwanza ni kubwa kuliko kamera moja.

Unaruhusiwa kabisa kujibu la kwanza ndiyo na la pili hapana. Mimi mwenyewe naona ile filamu imepangwa kwa ustadi mkubwa, picha zake hazitoki kichwani, na bado naona mji niliokulia umeonyeshwa upande wa giza tu, wala mtu anayeuza samaki zake Mwaloni akarudi nyumbani kasomesha watoto hayumo. Nikisema yote mawili kwa pamoja watu wananisikiliza. Nikisema moja naonekana nimenunuliwa na upande mmoja.

Hatua ya 7: Sema inamfaa nani

Fupi tu. Urefu wake, lugha yake kama ina maandishi chini au haina, inakalika sebuleni na watoto na wakwe au ni ya kuangalia peke yako, inahitaji utulivu au hata ukipiga pasi inaeleweka.

Hapa ndo yule mtu mmoja uliyemweka kichwani anafanya kazi. Mwambie yeye. "Shem hii utaipenda" inabeba uzito kuliko "kila mtu aicheki", kwa sababu hakuna muvi ya kila mtu.

Onyo: sini za mapenzi na damu sema mapema bila kuzunguka. Mtu akiweka muvi mbele ya baba mkwe kwa kukuamini wewe, alafu dakika ya ishirini mambo yakawa mambo, hatokuamini tena na ana haki.

Hatua ya 8: Tuma au ongea, kwa ufupi

Kama ni vois isizidi dakika moja na nusu. Ikizidi watu wanaisogeza mbele na wanaruka ile sini yako nzuri. Usirekodi ukiwa juu ya kivuko cha Kamanga injini inanguruma wala stendi, subiri ushuke. Kama ni kuandika, aya mbili.

Mpangilio ni huu: jina na mwaka, umeicheki vipi, sini moja, kitu kimoja kilichokupungukia, inamfaa nani. Mfano wa iliyokamilika:

"Queen of Katwe, 2016. Nimeicheki kwenye laptop kwa lugha yake, Kiingereza cha Uganda kwa hiyo kinafuatika vizuri. Ni binti muuza mahindi wa Kampala anayejifunza chesi. Kuna sehemu kitoto kidogo kinamfundisha kwamba kete ndogo kuliko zote ikivuka ubao inageuka malkia, kile kitoto hakitabasamu hata kidogo, niliirudia mara mbili. Lupita Nyong'o ni mama yake humo, mwangalie anavyonyamaza.

Kilichonipungukia, hujui chesi basi zile mechi zinakupita, huoni nani anaongoza mpaka uangalie nyuso zao. Inazidi saa mbili kidogo. Mama Neema hii kaa na binti zako, ila kuna mambo ya dada yake mkubwa na mwanaume, jiandae kuulizwa maswali. Na majina yakianza kupanda mwishoni usizime."

Hilo la mwisho la kutozima ntawaachia hivyo hivyo, aliyeiona anajua.

Ukishatuma usikae kulinda maoni yako. Mtu akikupinga muulize swali moja tu, "we sini gani imebaki kichwani?" Mara nyingi utakuta anataja nyingine kabisa ambayo wewe uliipita, na hapo unarudi kuiangalia upya.

Dalili kwamba umefanikiwa haiji siku hiyo hiyo. Inakuja baada ya siku tatu nne, mtu anakutafuta inbox usiku: "kaka nimeiona, ile ya kete mbona hukusema kocha alikuwa anawaangalia?"